Poda ya Bibi Harusi

Kila Jumamosi, Sekela alipomaliza kufua sare zake za shule, alikimbilia saluni ya shangazi yake, Atupokile, pale Bulyaga, mjini Tukuyu. Alifagia nywele, akachemsha maji, akaosha brashi na kuzianika juu ya taulo. Kazi hizo zilimchosha. Alichokipenda ni kusimama nyuma ya shangazi na kumtazama akipamba maharusi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

Ulikuwa mwaka 1996. Maduka ya Tukuyu yalijaa vipodozi vya kila aina, na wasichana wengine walijipaka poda nyeupe mpaka wakafanana na watu waliotoka kusaga mahindi mashineni. Shangazi hakutaka mchezo huo.

"Poda hujaribiwa kwenye taya, si kwenye kiganja," alizoea kusema. "Uso na shingo viwe vya mtu mmoja."

Jumamosi hiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga Gloria, nesi aliyependwa na wengi, kabla ya harusi yake. Kwa mara ya kwanza, bibi harusi aliyepambwa na shangazi angepigwa video. Mkanda ungetazamwa nyumba hadi nyumba. Ukipendeza, shangazi angepata wateja mpaka Mbeya mjini. Ukiharibika, nani angemwita tena?

Sekela aliyajua hayo yote, ndiyo maana alikosa raha. Alhamisi jioni, alipopita saluni na kujaribu kujipaka mbele ya kioo, kopo la poda ya kahawia lilimponyoka, nusu ikamwagika sakafuni. Kwa hofu alijaza pengo kwa poda ya mtoto, akakoroga, akafunika, akajifanya hajui lolote.

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika, mvua ilikuwa ikinyesha na saluni ilikuwa na kiza. Shangazi alijaribu poda kwenye taya la Gloria, akaiona sawa, akaendelea. Sekela alitaka kumwambia ukweli, lakini akainama kuosha brashi.

Gloria alipokwisha kupambwa, akaingia Lutufyo, mpiga video, kamera begani na runinga ndogo mkononi.

"Tujaribu kidogo kabla ya kwenda ukumbini," alisema, akawasha taa yake kali.

Kwenye runinga ulionekana uso mweupe kama majivu, umekaa juu ya shingo ya kahawia.

"Mungu wangu! Huyo ni mimi?" Gloria alilia.

"Mwe! Mjukuu wangu mmemfanya nini?" aliuliza bibi yake, Bibi Ikupa, akishika kichwa.

Shangazi alisimama pale na brashi yake. "Nisameheni," alisema polepole. "Nadhani macho yangu yamechoka."

Maneno hayo yalimchoma Sekela kuliko fimbo. "Si macho yako, Shangazi," alisema huku machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilimwaga poda nikachanganya na ya mtoto. Dada Gloria, nisamehe."

Shangazi akavua saa yake na kukunja mikono ya gauni.

"Tutaongea baadaye. Leta maji ya uvuguvugu. Halafu ukae mbele ya runinga, uniambie unachokiona."

Gloria alinawa uso. Shangazi akachukua poda nyeusi na poda nyekundu, akazichanganya kwenye kisahani, akapaka kidogo kwenye taya chini ya ile taa.

"Bado, Shangazi. Imekuwa nyeusi mno."

"Sasa?"

"Ongeza nyekundu kidogo. Tena. Hapo! Hapo hapo!"

Uso na shingo vilishikana. Sekela aliona pia kwamba joto la taa linaifanya pua ya Gloria ing'ae, akaifuta taratibu kwa karatasi laini, na rangi ya mdomo iliyopauka kwenye runinga akaomba iongezwe. Lutufyo alitikisa kichwa akicheka. "Huyu mtoto ana jicho!"

Ukumbini vigelegele vilipigwa mpaka mvua ikasahauliwa. Bibi Ikupa alimkumbatia Sekela. "Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru kwa Kinyakyusa.

Jumapili baada ya ibada, sebule ya kina Gloria ilijaa watu waliokuja kutazama mkanda. Mama mmoja aliuliza nani amempamba bibi harusi vizuri hivyo.

"Ni mimi na huyu," alijibu shangazi, akimvuta Sekela mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia. "Mwanangu, poda ikimwagika tunanunua nyingine. Lakini ulipoficha, aibu ilikwenda kumpata Gloria, ambaye hakukosa lolote. Siku nyingine niambie mapema. Jana ulichelewa, lakini ulisema kweli mbele ya watu, na mimi nitakufundisha kazi hii kwa sababu ya hilo, si kwa sababu ya jicho lako."

Sekela alisimama wima, kifua mbele, hajawahi kujivunia kitu namna ile.