Aliyebweka Chini ya Njia

Haya yalimpata rafiki yangu, msusi, mtu asiyeweza kutunga hata uongo wa kuchelewa kazini. Alinisimulia mara moja tu, na hataki kurudia.

Dada yake alikuwa amelazwa, akamwomba amtembeze mbwa wake kwenye kisiwa anakoishi dada huyo, kwenye njia ya msituni inayopanda kilima, ambako mbwa wanaruhusiwa.

"Mdogo wangu, huyo ndiye mwenzangu nyumbani," alimwambia. "Ukimpoteza, usije kuniona."

Asubuhi ilikuwa nzuri. Lakini huko juu miti ilifungamana hadi kukawa giza kama ndani ya kabati, na ukungu ukashuka. Mbwa akashtuka ghafla, akachomoa shingo kwenye mkanda, akatokomea.

Msusi aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasikia mbwa akibweka. Akaifuata sauti, na kadiri alivyoikaribia ndivyo ilivyozidi kutoka chini. Akapiga magoti, akatega sikio kwenye udongo. Mbwa alikuwa anabweka ndani ya ardhi, chini ya njia ngumu isiyo na shimo wala ufa.

Akaanza kufukua kwa kucha huku akilia, "Nisubiri, nakuja!"

Kitu chenye unyevu kikamgusa shingoni. Akageuka. Alikuwa ni mbwa wa dada yake, amesimama nyuma yake, mzima, kimya. Chini ya ardhi, kubweka kuliendelea.

Akamkumbatia, akamvuta waondoke. Mbwa akagoma. Akainamisha kichwa, akasikiliza kule chini, kisha taratibu akaanza kutikisa mkia.