Kikombe cha Sita cha Mama Kultum

Kijiko ndicho kilichoanza. Kilikoroga chenyewe ndani ya kikombe kitupu, kling, kling, saa nane mchana, studioni kwa Monari hapa Migori mjini. Waliokuwepo wakasema ni malori ya miwa yanatikisa barabara.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Bibi harusi aliyekuja kupigwa picha aliitwa Benta, wa kuolewa Jumamosi ile na Maurice, mwalimu wa Rangwe. Monari mpiga picha alikuwa na pazia ambalo hakuna studio yoyote kutoka hapa hadi Homa Bay iliyowahi kuwa nalo, na atakayebisha aje kwangu. Fundi wa Awendo alimchorea, akiiga picha ya kifuniko cha mkebe wa biskuti, mkahawa wa chai wa Wafaransa wa zamani: vioo vya dhahabu, meza ya duara, na kiti kimoja kitupu.

Vyombo vya kuweka mbele ya pazia aliazima kwa jirani, Mama Kultum wa duka la vitambaa.

"Chukua vitano," Mama Kultum alimwambia. "Hicho cha sita chenye dhahabu ni cha mwenyewe. Kila Ijumaa namwekea kahawa na marashi. Usikiguse, baba."

"Mwenyewe gani? Si mzee wako alikufa?"

"Nimekwambia ni cha mzee?"

Monari alicheka. Mama alipogeuka kupima kitambaa, yeye akakitia cha sita mfukoni. Dhahabu ilikuwa inaoana na vioo!

"Inua kikombe, bibi harusi. Kidole juu. Wafaransa hunywa kama ndege."

"Aki Monari, na chai iko wapi?"

"Jifanye tu."

Benta akainua kile cha dhahabu, akajifanya. Halafu koo lake likameza kweli.

"Ni moto," alinong'ona. "Tena iko na sukari."

Monari akamaliza filamu yote, akaingia chumba cha giza kuisafisha. Chini ya taa nyekundu picha zikaanza kutokea majini: ya kwanza Benta na kiti kitupu, ya pili ukingo wa koti jeusi kwenye kiti, ya tatu mkono mrefu usio na kucha umelala begani mwa Benta, na kadiri alivyozidi kugeuza karatasi ndivyo harufu ya marashi ilivyozidi kumkaba na ule mkono ulivyozidi kupanda kuelekea shingoni, hadi ya mwisho, ambamo Benta alikuwa amepauka na kubanduka kama rangi ya pazia, na nyuma ya mlango uliofungwa kijiko kilikuwa kinakoroga.

Asubuhi Maurice alimleta Benta studioni akiwa amembeba. Hasemi, hali, kidole chake kinakoroga hewa. Midomo yake ilikuwa inadondoka vigae vidogo vidogo vya rangi.

"Fanya kitu, ndugu yangu," Maurice alilia. "Harusi ni kesho."

Mama Kultum, aliyeitwa kutoka dukani kwake, alichoma udi, akajaza kahawa kile kikombe, akamvuta Monari mlangoni.

"Mwenye kikombe amemchumbia," alimnong'oneza. "Jua likizama anahama naye. Aliyekiiba akinywe. Atamwachia huyu, atamchukua atakayekunywa. Umesikia, wewe mtoto wa watu?"

Akafunika uso kwa mtandio, akaanza kusoma dua. Monari akarudi ndani, kikombe mikononi, tabasamu usoni.

"Mwalimu, mama anasema bwana harusi anywe."

Maurice hakuuliza hata swali moja. Alikunywa mpaka tone la mwisho, macho kwa Benta.

Benta akapiga chafya, midomo yake ikarudi laini. "Maurice?" aliita. Chini palikuwa na viatu viwili tu, bado vina joto. Na kwenye pazia, kile kiti kilikuwa kimepata mtu: bwana mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa koti, mdomo wazi.

Monari akavificha viatu, akawaambia kachomoka mbio; Rangwe nzima ikasema mwalimu ametoroka. Walimcheka Benta sokoni hadi akahamia Karungu.

Baada ya miaka miwili alipata mchumba mwingine. Pazia lilikuwa limeshapata sifa, maharusi wanapanga foleni, na mchumba akataka picha mbele ya pazia hilo hilo.

Benta alikaa mbele ya kiti kile, akageuka, akatazama sana.

"Huyu mzungu wako," alimwambia Monari, "anafanana na yule mwoga aliyenikimbia." Akamtemea mate.

Mate yakateremka kwenye shavu lililochorwa. Halafu, kutoka jicho lililochorwa, likateremka tone lingine, la moto, likinukia marashi.

"Angalia huku, bibi harusi," Monari alisema, akijificha nyuma ya kamera. "Cheka kidogo."

Benta akacheka. Nyuma yake, ndani ya pazia, kijiko kikaanza kukoroga. Kling. Kling.