Povu Kwenye Bomba la Gesi

Haya yalimkuta shoga yangu Zuleha. Ningekuwa mimi ningekimbia mpaka Tinde bila viatu, hahahaa! Mwaka sabini na nane alipata kazi ya kupika kwa meneja mmoja hapa Shinyanga. Mpishi wa kwanza, marehemu Scolastika, alilalamika weee: "Bosi, gesi inanuka." Bosi anamjibu, "Si ufungue dirisha!" Na bomba lenyewe alilifunga mtunza bustani, jamani! Likalipuka, Scolastika akafia humo humo jikoni.

Ndiyo sasa bosi akaita fundi mwenye leseni, mzee Nkwabi.

"Shikamoo baba," Zuleha akamwambia. "Nikagulie vizuri, nina watoto wanne."

"Marahaba. Nitakagua."

Dirisha lilikuwa limezibwa mbao tangu mlipuko ule, jikoni giza tupu, Zuleha anamulika tochi. Mzee akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, aone kama gesi inavuja. Povu likavimba, fyuuu. Likanywea. Likavimba tena, polepole, kama kifua cha mtu.

"Baba, mtungi wa gesi si uko nje?"

"Uko nje, mwanangu. Sijauunganisha."

Zuleha akazivuta zile mbao kwa mikono miwili, akafungua dirisha.

Povu likatulia.