Filimbi ya Stoo ya Kilimatinde

Rafiki yetu Antipasi, mwalimu wa muziki, aligundua kwenye misheni ya Kilimatinde nota za konseto ya filimbi, muziki ambao filimbi hujibizana na fidla, iliyosahaulika tangu karne ya kumi na nane. Kurasa za fidla alizipata. Za filimbi, ambazo bila hizo muziki wote ni bure, zilisemekana zimo stoo, mlango umepigwa lakiri. Mwenye ufunguo alitaka kibali, na mwenye kibali alitaka kwanza auone ufunguo.

"Hiyo lakiri hata panya wanaiheshimu, mwalimu. Njoo kesho," alisema Martha, karani wa misheni.

Kwa hasira, Antipasi aliegemea mlango akapiga mluzi sehemu ya fidla. Gizani mle ndani, filimbi ikaitikia, ikajaza kila pengo.

Martha mwenyewe ndiye aliyevunja lakiri. Kurasa hazikuwemo. Mlikuwa na filimbi tu, ndani ya kasha lenye vumbi lisiloguswa, na mdomo wa filimbi hiyo ulikuwa umelowa mate.