Mikoko ya Chupa

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2024. Asubuhi ilianza kwa manyunyu ya vuli, na vichochoro vya mtaa wa Malindi vilikuwa vinateleza. Kama kila Jumamosi, Shadya na Himid, mwenzake wa darasani, walikwenda kwa Bi Ulfat, msanii, kumsaidia kukata majani.

Yalikuwa majani ya chupa za plastiki. Katika chumba kikubwa cha chini, Bi Ulfat alikuwa amejenga msitu mzima wa mikoko: mizizi ya mabomba, kaa wa vifuniko, na nyaya ndani ya kila tawi. Ukigusa jani, taa huwaka na ndege wa plastiki hulia. Alasiri ile, kina mama wa Mbweni wanaopanda mikoko ya kweli walialikwa kuja kuuona. Sharti lilikuwa moja: mkono uwe mkavu.

"Majani yako kama masikio ya punda," Himid alimtania.

"Na yako kama meno yako," Shadya akajibu.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, Shadya alitia udhu uani. Akarudi kupitia chumbani, maji yakimchuruzika viwikoni, akaligusa jani moja tu, la chini. Pakasikika chii. Msitu wote ukazima.

Hakuna aliyemwona. Alisimama kwenye mswala, lakini hesabu ya rakaa ilimpotea. Masikio yalibaki chumbani.

Aliporudi, Kheir, fundi umeme, alikuwa amesimama mbele ya Himid aliyeshika mkasi.

"Umekata waya wewe."

"Wallahi sikukata, ami."

"Jumamosi iliyopita ulimng'oa kaa miguu. Leo nani kama si wewe? Nenda kwenu, na usije tena."

Himid akauweka mkasi chini. Akaelekea mlangoni. Shadya alitazama sakafu. Akisema, atafukuzwa yeye. Kheir akasogelea swichi.

"Natia umeme tena, nione palipokatika."

"Ami Kheir, usiwashe," Shadya akasema. "Ni mimi. Nligusa na maji ya udhu."

Kheir akarudisha mkono. Alifungua kiungo cha tawi la chini, tone likamdondokea kidoleni. "Ningewasha, nyaya zote zingeungua," akasema taratibu. "Himid, mwanangu, nisamehe."

Walikausha kwa kitambaa, kisha kwa mashine ya kukaushia nywele ya Bi Ulfat. Midomo ya Shadya haikuacha dua. Kheir alipowasha na kugusa jani, ndege mmoja akalia, kisha wote. Mlangoni wageni walikuwa wanapiga hodi.

"Shadya," Bi Ulfat, aliyeyasikia yote kutoka chumba cha pili, alisema, "kuharibu kitu kwa bahati mbaya humtokea kila mtu. Kosa lako ni kunyamaza mwenzio akifukuzwa. Mungu alikuona ulipokuwa peke yako. Sisi hatukukuona, tulihitaji useme."

"Nisamehe, Himid," Shadya akasema.

"Nshakusamehe. Lakini ahidi, na hawa wageni wasikie."

Kina mama walikuwa wamesimama kizingitini, viatu mkononi. Shadya akainua uso.

"Nnaahidi mbele yenu nyote: nikiharibu kitu, nitasema mwenyewe, kabla mwengine hajaulizwa."