Saa Moja Juu ya Bahari

Kila asubuhi, kabla ya kuosha mchele, Tiurma alisimama mbele ya ramani iliyobandikwa jikoni kwao, Medan, akaweka kidole juu ya Penang. Bahari iliyotenganisha miji hiyo haikuzidi upana wa ukucha wake. Mwalimu alisema ni kilomita kama mia mbili na sitini, na ndege huzimaliza kwa saa moja hivi. Tiurma aliipenda sana saa hiyo. Akilini alimwona Bibi Rumondang ameketi kwenye dirisha la ndege, mawingu yakipita polepole chini ya miguu yake, mpaka Mama alipomwita mara ya tatu.

Bibi alikuwa Penang wiki mbili, akitibiwa jicho. Jumamosi angerudi peke yake, jicho moja likiwa limefungwa bandeji. Hakuwa na simu, na umati wa watu ulimtia hofu. Aliomba jambo moja tu: akitoka mlangoni, amkute mwanawe, baba yake Tiurma, amesimama.

Shangazi Lamria, anayefanya kazi kule, alipiga simu na Tiurma akapokea. Aliambiwa ndege itaondoka Penang saa nne asubuhi na kutua Medan saa nne. Tiurma alicheka moyoni. Ndege gani inavuka bahari bila kutumia hata dakika? Shangazi amechanganya mambo, alijiambia. Bila kumwuliza mtu, akaandika kwenye kalenda: inatua saa tano.

Jumamosi saa mbili na nusu, Baba alikuwa bado anapaa samaki. Samaki huyo angepikwa mzima, maana kwao mtu aliyepona huandaliwa samaki mzima, kichwa kikimwelekea yeye. Delima, jirani na rafiki wa Tiurma, alileta tangawizi. Tiurma akamsimulia kosa la shangazi, kwa majigambo kidogo.

"We Tiurma, hivi hujui Penang wametutangulia saa nzima?" Delima alimshangaa. "Kaka yangu yuko kule. Sisi tukinywa chai, mwenzetu keshaingia kazini."

Kumbe saa tano ya Penang ndiyo saa nne ya Medan, Tiurma aligundua. Angeweza kunyamaza, na lawama zote zingemwangukia shangazi. Lakini akilini alimwona Bibi akipapasa ukuta katikati ya wageni, akiita jina la mwanawe. Aibu ilimchoma, hata hivyo akaenda kwa Baba.

"Baba, shangazi alisema saa nne. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Baba hakugomba. Alinawa mikono, akamwachia Mama samaki, akachukua ufunguo wa gari waliloazima. Walifika uwanja wa ndege saa nne kasoro dakika kumi.

Bibi alipotoka ameshikwa mkono na mhudumu, Baba alikuwa amesimama palepale alipotakiwa. Bibi aliugusa uso wake, kisha akaugusa wa Tiurma, akakuta mashavu yamelowa. Tiurma alimweleza yote, hakuficha kitu.

"Nimeondoka saa nne, nimefika saa nne," Bibi alisema taratibu, kama mtu ambaye bado yuko juu ya mawingu. "Bahari haikuninyang'anya hata saa moja, mjukuu wangu. Wewe ndiye ungeninyang'anya, kama ungenyamaza. Siku nyingine ukisikia jambo usilolielewa, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo."

Nyumbani, samaki aliwekwa mezani, kichwa kikimwelekea Bibi. Alimega kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani ya Tiurma.