Waliomo Ndani: Mmoja

Jumatatu ile, saa kumi na mbili jioni ikiwa imepita kidogo, nilibaki chuoni kwa kazi ya dakika moja tu: kumtoa kazini mtu aliyekwisha kuzikwa.

Usinicheke. Ningekuwa na njia nyingine ningekuwa nyumbani tayari. Binti yangu wa miaka sita alikuwa kwa jirani akinisubiri, na yule mtoto nikichelewa hagusi chakula mpaka anione mlangoni.

Mimi ni karani wa utumishi katika chuo cha ualimu. Mwaka juzi tulipoletewa mashine ya vidole, mimi ndiye niliyeandikisha wafanyakazi wote. Asubuhi unaweka kidole, inasema kwa sauti ya mwanamke, "Asante, karibu." Jioni unaweka tena, inasema, "Asante, kwaheri." Isipokutambua inasema, "Tafadhali rudia." Daftari la zamani, lile tulilokuwa tukisainiana bila haya, likatupwa stoo.

Shida ilianza kwa Mwalimu Chaki. Ndivyo tulivyomwita, naye aliitika. Miaka thelathini na minne ya kufundisha hesabu ilikuwa imemla vidole vyote vikawa laini, havina hata mstari mmoja. Tulijaribu vyote kumi. Tukajaribu tena. "Tafadhali rudia." Mzee wa watu akabaki ananitazama kama mwanafunzi aliyefeli.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mkuu amesema ambaye mashine haimjui, hayumo kazini. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nitafanyaje?"

Huruma ikaniponza. Nikachungulia mlangoni, kisha nikaweka kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kwenye jina lake.

Tangu siku hiyo, dole gumba langu la kulia lilikuwa mimi, na kidole changu kidogo cha kushoto kilikuwa Mwalimu Chaki. Asubuhi nilituingiza wote wawili, jioni nikatutoa wote wawili. Mzee hakukosa kazi hata siku moja, kwa hiyo sikuona kama nadanganya.

Mpaka Ijumaa.

Ijumaa nilimwingiza saa moja na nusu asubuhi kama kawaida, nikijua yuko njiani. Saa nne simu ikaja: Mwalimu amefariki. Jioni mkuu wa chuo alisimama kando ya mashine akituaga mmoja mmoja. Chini ya macho yake ningewezaje kuweka vidole viwili? Nikajitoa mimi, nikaondoka.

Mazishini, Jumamosi, mjane wake alinishika mkono.

"Alikata roho alfajiri," aliniambia. "Jua lilikuwa halijatoka."

Alfajiri. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimemwingiza kazini maiti.

"Kinachonishangaza," akaendelea, akinong'ona, "nyumba imepwaya. Simhisi kabisa humu ndani. Ni kama alikwenda kazini akapitiliza."

Nilimpa pole. Ningesema nini kingine?

Sasa rudi nami Jumatatu. Nilipopita kwenye kibanda cha mlinzi, alinisimamisha. Mlinzi wetu ni mtu mzima, mcheshi, hana kawaida ya kuogopa kitu. Jioni ile hakutania.

"Dada, amri ya mkuu unaijua. Sifungi jengo mpaka kioo hiki kilichounganishwa na mashine ya vidole kiandike waliomo ndani, sifuri. Tangu Ijumaa kinaandika mmoja. Nimezunguka vyumba vyote siku tatu. Hakuna mtu."

"Mashine hizi zina wazimu," nikasema.

"Labda. Kesho fundi anakuja kuifungua aone ni kidole cha nani." Akainama karibu yangu. "Lakini chumba namba nne nimekifunga mimi, ufunguo ninao mimi. Kila asubuhi nakuta ubao umejaa hesabu. Kwa chaki."

Namba nne ndicho chumba pekee kilichobakishiwa ubao mweusi, kwa ajili ya yule mzee mbishi. Hata hivyo, nilichokiogopa zaidi wakati ule, nakiri, ni huyo fundi. Akiona kidole changu kwenye jina la marehemu, kazi sina. Nikapiga moyo konde, nikaingia.

Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu wa jioni. Mashine iko mwisho wa ukumbi, karibu na chumba namba nne. Kioo chake kiliandika: Waliomo ndani, wawili.

Mimi... na yeye.

Nikaweka kidole kidogo cha kushoto.

"Tafadhali rudia."

Nikakifuta kwenye sketi. Nikaweka tena.

"Tafadhali rudia."

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Vumbi la chaki, kavu, linalokwaruza koo. Kisha sauti, nyuma ya mlango uliofungwa.

Kwaru... kwaru... tap.

Kwaru... kwaru... tap.

Nikataka kukimbia. Lakini nilimkumbuka mjane na nyumba yake iliyopwaya, na uchungu ukaizidi hofu. Mimi ndiye niliyemfungia humu. Nikasema, "Mwalimu, kipindi kimekwisha. Mama anakusubiri nyumbani."

Chaki ikanyamaza.

Sikusikia mlango ukifunguka. Nilisikia viatu tu, vile viatu vyake vya kuburuza, vikija taratibu nyuma yangu. Sikugeuka. Wallahi sikugeuka. Mkono mkavu, baridi, ukapita juu ya bega langu, ukakishika kidole changu kidogo kama mwalimu anavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. Ukakikandamiza juu ya kioo.

Kikauma kwa baridi mpaka begani.

"Asante, kwaheri," mashine ikasema.

Na kando ya sikio langu, taratibu: "Ahsante, mwanangu."

Mlango mkubwa ukafunguka wenyewe, ukajifunga. Harufu ikatoweka. Nikalia kwa furaha pale pale, bila aibu. Kisha nikaweka dole gumba langu nijitoe nikamchukue mwanangu.

"Tafadhali rudia."

Nikarudia. Mara tano. Mara kumi. Nikakisogeza kidole kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa laini. Hakina hata mstari mmoja. Vyote kumi vilikuwa hivyo, na kwenye ncha zake palikuwa na unga mweupe.

Waliomo ndani: mmoja.

"Toka tu, dada!" mlinzi akaita kutoka nje. "Tutarekebisha kesho!"

Nikatoka.

Fundi alikuja kesho yake. Alikuta rekodi zote za Mwalimu Chaki zimefutika, kana kwamba hakuwahi kuandikishwa. Kazi yangu ikapona. Lakini jina langu lilikataa kufutwa na lilikataa kila kidole changu. Akasema ni hitilafu ndogo, akakusanya vifaa vyake. Wiki iliyofuata mjane alinipigia simu kunishukuru kwa rambirambi. Alisema nyumba imetulia, na usiku humsikia mzee akikohoa sebuleni.

Mimi ninakwenda kazini, ninarudi. Ninakula, silali vizuri. Kila jioni kioo cha mlinzi huandika mmoja. Nilimwomba aandikishe kidole chake kwenye jina langu, anitoe siku moja tu. Alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, naomba unisamehe," alisema. "Mimi nina watoto."

Siku hizi hafungi tena chumba namba nne. Anasema jioni humsikia mwanamke humo ndani akivuta viti na kuita jina la mtoto. Jina lenyewe hakutaka kunitajia. Hakuwa na haja.

Maana usiku ule wa Jumatatu, nilipofika kwa jirani, binti yangu hakukimbia kunipokea. Alichungulia nyuma yangu, gizani, kisha akaketi tena mbele ya sahani yake. Amekuwa hivyo tangu siku ile. Nikimwogesha anatulia, nikimsuka anatulia, lakini chakula chake hukiweka kando na kukaa ameukabili mlango.

Jana nilipiga magoti mbele yake nikamwuliza anangoja nini.

"Namngoja mama," akanijibu kwa adabu, kama mtoto anavyomjibu mgeni. "Bado hajatoka kazini."